Omu 32,650: hesabu ya thamista kwenye friji la chanjo Mbulu

Chukua thamista ya omu 10,000, ya aina inayotumika sana kwenye viyoyozi na vifaa vya maabara, itumbukize kwenye barafu inayoyeyuka, kisha zishike nyaya zake mbili kwa mita. Mita itasoma omu 32,650 au karibu na hapo. Haitasoma sifuri, kwa sababu thamista haijui nyuzi. Inajua ukinzani tu. Nyuzi zinazoonekana kwenye kioo cha kifaa ni matokeo ya hesabu ambayo mtu fulani aliiandika, na hesabu hiyo ikiwa mbovu, kioo kitaendelea kuonyesha namba nadhifu yenye desimali mbili bila mtu yeyote kuishuku.

Nataka kuichambua hesabu hiyo nikiitazama mahali ambapo kosa lake lina gharama: friji la chanjo katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang.

Vituo vya huku vinavyotunza chanjo, kuanzia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliyoanzishwa mwaka 1955 hadi zahanati za upande wa Dongobesh, Yaeda Chini, Katesh na Basotu, vinafuata kanuni moja: friji likae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Tukisikia habari za mnyororo baridi, yaani kutunza chanjo kwenye ubaridi njia nzima, wengi wetu tunawaza joto, jua kali na umeme kukatika. Ni kweli joto huharibu chanjo, lakini huziharibu polepole. Kuganda hakusubiri. Pentavalenti, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2009, chanjo ya pepopunda, ya kichomi, na ile ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, zote zina chumvi ya aluminiamu inayousaidia mwili kujenga kinga. Zikiganda, chembe za chumvi hiyo hugandamana na nguvu ya chanjo hupotea, hata kama kichupa kitayeyuka na kuonekana kama kawaida kwa mtu asiyejua cha kutazama.

Sasa fikiria usiku wa Julai juu ya bonde la ufa. Friji la gesi lililorekebishwa kwa joto la Februari linaweza kuvuka sifuri kabla hakujapambazuka, maana mafriji ya namna hiyo hayana udhibiti makini wa joto. Ndiyo maana vifaa vya kurekodi joto la siku 30 vinavyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, vimepangwa kwa mizani isiyo sawa. Joto likipita nyuzi 8, kengele husubiri saa 10. Likishuka hadi nyuzi -0.5, kengele husubiri dakika 60 tu. Kwa hiyo kosa la nusu nyuzi upande wa chini ni kosa linaloamua kama kengele italia au haitalia.

Na nusu nyuzi ndiyo hasa unayoipoteza kwa hesabu ya mkato.

Thamista ni punje ya oksidi za metali, kama manganizi, nikeli na kobalti, zilizochanganywa na kuchomwa kama udongo wa mfinyanzi. Ikipata joto, ukinzani wake hushuka. Michael Faraday aliona tabia hiyo kwenye salfaidi ya fedha mwaka 1833, karibu karne nzima kabla ya viwanda kuitumia. Uzuri wa thamista ni wepesi wake wa kuhisi: jirani na sifuri, badiliko la nyuzi moja hubadili ukinzani kwa asilimia 5 hivi. Ubaya wake ni kwamba mchoro wa ukinzani dhidi ya joto si mstari ulionyooka. Umepinda sana, na hapo ndipo logi asilia inapohitajika.

Njia ambayo mafundi wengi huanza nayo ni ya beta. Unachukua ukinzani uliopimwa, R, unaugawanya kwa ukinzani wa nyuzi 25, yaani omu 10,000, unatafuta logi asilia ya jibu, unaigawanya kwa namba ya beta, kisha unajumlisha moja ya 298.15. Jibu ni moja ya joto kwa kelvini. Ligeuze, toa 273.15, umepata nyuzi zako. Namba ya beta mara nyingi hunakiliwa tu: 3950, kama ilivyo kwenye mifano ya programu ambayo vijana wetu wanaanzia.

Tuijaribu kwa thamista yetu. Kwenye barafu, R ni 32,650. Logi ya 3.265 ni 1.1833. Igawanye kwa 3950, malizia hesabu, na unapata nyuzi 0.55. Thamista iko kwenye sifuri kamili, kioo kinasema zaidi ya nusu nyuzi juu. Kwenye nyuzi 2 za kweli, ambapo thamista hii husoma omu 29,500, kioo kitasema 2.5. Kwenye nyuzi 8 kitasema 8.3. Kosa linaongezeka kadiri unavyokwenda kwenye baridi, na linaelekea upande uleule unaotuumiza: kifaa kinaona joto zaidi ya lililopo. Friji likifika -0.5, kioo kitasoma sifuri na ushei, na kengele iliyopangwa kwenye -0.5 haitalia mpaka joto la kweli lipite -1.

Tatizo liko wapi? Beta si namba moja. Kiwanda huipima kati ya nyuzi mbili, mara nyingi 25 na 50, na huandika hivyo kwenye karatasi ya maelezo kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Kati ya 25 na 50, jedwali la kiwanda la ukinzani wa thamista yetu linatoa beta ya 3,934 hivi. Kati ya 0 na 25, thamista hiyohiyo inatoa 3,855. Friji la chanjo liko katika kipande hiki cha pili. Weka 3855 badala ya 3950, usiguse kingine chochote, na kosa lote kuanzia 0 hadi 8 linashuka chini ya sehemu ya kumi ya nyuzi. Kwenye 2 utasoma 1.98, kwenye 8 utasoma 7.94. Sijui marekebisho mengine ya bei rahisi kuliko hayo.

Wanaotaka mchoro mzima wanatumia mlinganyo wa Steinhart na Hart, wanasayansi wawili wa Marekani walioutoa mwaka 1968 katika jarida la watafiti wa bahari, Deep-Sea Research:

1/T = A + B·ln R + C·(ln R)³

Kwa thamista tunayoizungumzia, A ni 0.001129241, B ni 0.0002341077, na C ni 0.00000008775468. Ingiza 32,650 upate 273.15 kelvini, yaani sifuri. Mlinganyo huu unafuata jedwali kwa karibu sana kuanzia kwenye barafu hadi maji yanayochemka. Lakini una adabu zake: namba hizo tatu ni za aina hiyo moja ya thamista. Ukizinakili na kuziweka kwenye thamista ya aina nyingine iliyoandikwa nayo "10K", umejivika usahihi usio nao. Kwa friji peke yake, mimi naridhika na beta iliyochaguliwa kwa kipande sahihi. Hesabu ni fupi na makosa ya kunakili ni machache.

Hadi hapa tumejifanya kwamba R tunaijua. Kwa mita tunaijua. Kwa kifaa kinachokaa kwenye friji usiku kucha, R yenyewe ni matokeo ya hesabu nyingine, na kwa maoni yangu makosa mengi zaidi yanazaliwa huku kuliko kwenye logi.

Bodi ndogo kama Arduino haipimi ukinzani, inapima volti. Kwa hiyo thamista huunganishwa mfululizo na rezista ya omu 10,000, volti ya katikati yao husomwa kama namba kati ya 0 na 1023, na ukinzani hupatikana hivi: R = 10,000 × N ÷ (1023 − N), ikiwa thamista iko upande wa ardhi. Kwenye barafu N ni 783, kwenye nyuzi 2 ni 764. Hatua moja ya N ni kama sehemu ya kumi ya nyuzi, inatosha kabisa. Angalia tu kwamba 10,000 mara 783 ni milioni 7.83, na namba kamili ya kawaida kwenye Arduino ndogo huishia 32,767. Programu ikiachwa izidishe kwa namba kamili, jibu litafurika na kutoka upuuzi. Zidisha kwa namba za desimali.

Kisha kuna ile 10,000 ya rezista. Nani amesema ni 10,000? Rezista yenye mstari wa rangi ya dhahabu inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 5. Ikiwa kweli ni 10,500 na wewe umeandika 10,000, kila R utakayoipata itakuwa pungufu kwa asilimia hizo, na jirani na sifuri kila asilimia moja ya R ni nyuzi 0.2. Umepotea kwa karibu nyuzi nzima. Fundi aliyehangaika na tarakimu saba za Steinhart na Hart halafu akatumia rezista ya mstari wa dhahabu bila kuipima, amepiga pasi shati lenye tundu mgongoni. Ipime rezista kwa mita nzuri, uandike kwenye programu thamani uliyoiona, au ununue ya asilimia moja. Tofauti ya bei ni ndogo.

Volti nayo ina hila. Zahanati nyingi za pembezoni zinatumia sola, na betri ya alfajiri si betri ya mchana. Ikiwa bodi inapima kwa kulinganisha na volti ileile inayolisha thamista na rezista, kupanda na kushuka kunajifuta kwenye hesabu. Ikiwa inatumia kipimo chake cha ndani huku thamista ikilishwa na betri, betri ikilegea kidogo friji litaonekana limebadilika joto. Bodi za ESP32, ambazo zinapendwa kwa sababu zina Wi-Fi, zina udhaifu zaidi: usomaji wao wa volti umepinda, hasa kwenye ncha za chini na za juu, na unahitaji kusahihishwa kabla ya kuingia kwenye hesabu yoyote.

Jambo jingine husahaulika kwa sababu linachekesha kidogo. Kipimajoto hujipasha moto. Mkondo unaopita kwenye thamista huzalisha joto: kwa volti 5, kwenye barafu, ni karibu nusu miliwati. Punje ndogo ikiwa kwenye hewa tulivu, ambapo miliwati mbili zinatosha kuipandisha nyuzi moja, hiyo ni nyuzi 0.2 za uongo, tena upande uleule wa juu. Dawa yake ni kuilisha thamista kupitia pini ya bodi, uiwashe unapotaka kusoma, usome mara kadhaa haraka, upate wastani, uizime. Wastani huo hupunguza kelele za umeme. Hausahihishi kosa lililokaa upande mmoja, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kusoma mara mia kunaleta usahihi.

Mahali pa kuweka kihisi ni suala la fizikia pia. Mtanzania Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipogundua kwamba maziwa yake ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa, alizua mjadala ambao haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwenda juu au chini ndani ya chombo kunatosha kukupa matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba. Iwe walimaliza mjadala au la, somo kwa friji ni hilo la sentimita. Kihisi kinachogusa ukuta wa barafu kinapima ukuta. Kinachoning'inia hewani kinaruka kila mlango ukifunguliwa. Kiweke ndani ya kichupa chenye glikoli, katikati ya chanjo, na kitapima kinachofanana na chanjo.

Sasa kulinganisha. Hapa ndipo Mbulu inapokuwa na neno lake.

Kipimo rejea kilicho bora na cha bei ya chini kuliko vyote ni barafu. Gandisha maji safi, ya mvua au maji ya betri, yasiwe ya kisima chenye chumvi, maana chumvi hushusha kiwango cha kuganda, na upande wa ziwa Balangida maji ya chumvi hayatafutwi. Ponda barafu, jaza chupa ya chai, ongeza maji kidogo mpaka iwe uji mzito, koroga, subiri dakika kadhaa, ingiza kihisi katikati. Hiyo ni nyuzi 0, na mwinuko wa mahali haubadilishi kitu unachoweza kukiona. Linganisha R uliyoipata na jedwali. Ikiwa umepata 33,300 badala ya 32,650, zidisha kila R kwa 0.98 kabla ya kuingia kwenye logi. Wengi huongeza nyuzi 0.4 kwenye jibu la mwisho na kuona wamemaliza. Kwa friji watanusurika, lakini si sahihi: kosa la thamista na la rezista ni kosa la uwiano wa ukinzani, na asilimia 2 za ukinzani ni nyuzi 0.4 kwenye barafu lakini ni karibu nyuzi 0.5 kwenye joto la mwili. Rekebisha kosa mahali lilipozaliwa.

Maji yanayochemka ndiyo mtego. Vitabu vya shule vimetufundisha kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100, na yanachemka hivyo kweli, ukiwa Tanga au Mtwara. Haydom na mji wa Mbulu viko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu nyuzi moja, kwa hiyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 sufuria inayotokota ina nyuzi 94 na ushei. Mama yeyote anayepika maharage huku anajua kwamba yanachelewa kuiva.

Tuseme fundi amelinganisha thamista yake kwa ncha mbili, barafu na maji yanayochemka, akaandika 0 na 100. Kwenye maji hayo thamista yetu husoma omu 804 hivi, wakati kwenye nyuzi 100 za kweli ingesoma 680. Akitafuta beta kwa ncha hizo atapata 3,776. Kwenye friji madhara ni madogo, nyuzi 8 itasomeka 8.1, kwa hiyo ataamini amefaulu. Kihisi hichohicho kikiwekwa kwenye ngozi ya mtoto mwenye nyuzi 37, kitasema 38.1. Mtoto mzima amepewa homa na mlima.

Akitaka ncha ya pili, atumie maji ya vuguvugu na kipimajoto cha homa cha kielektroniki, ambacho kwa kawaida hakikosei zaidi ya sehemu ya kumi ya nyuzi kwenye joto la mwili. Akumbuke kwamba vipimajoto hivyo hushika joto la juu kabisa vilivyoona, kwa hiyo maji yakiwa yanapoa vitaendelea kudai yako juu. Asome vyote viwili kwa wakati mmoja, mara kipimajoto kinapolia.

Nimemtaja mtoto, na Haydom ni mahali panapojulikana kwa utafiti wa watoto wachanga, kwa hiyo niseme neno moja kuhusu inkubeta. Vihisi vya ngozi vya mashine nyingi za hospitali hufuata kiwango cha zamani cha kampuni ya YSI: omu 2,252 kwenye nyuzi 25, omu 1,355 kwenye nyuzi 37. Mtu akikata waya uliokufa na kuunga thamista ya 10K kwa kuwa plagi imeingia, mashine itaona omu 6,014 kwa mtoto mwenye joto la kawaida. Kwa jedwali lake, hiyo ni nyuzi 4. Ikiwa kengele haikuizuia, itaanza kumpasha moto mtoto ambaye hana baridi. Kihisi cha inkubeta kinunuliwe cha mashine hiyo, au mashine isiwashwe.

Kwa friji msimamo wangu ni laini zaidi. Kifaa cha kujitengenezea hakichukui nafasi ya kile kilichotambuliwa na WHO, na taarifa ya mwezi iandikwe kwa kile rasmi. Lakini kifaa cha pili, kinachotuma ujumbe wa simu saa tisa usiku friji likikaribia sifuri, kinaweza kuokoa chanjo ambazo kifaa cha kwanza kingeziandika tu kuwa zimeharibika. Thamista moja, rezista iliyopimwa, beta ya 0 hadi 25, na chupa ya chai yenye barafu vinatosha kukifanya kiaminike ndani ya nyuzi 0.3.

Fundi anayekikabidhi abandike juu ya kasha omu alizozisoma kwenye barafu, thamani halisi ya rezista, beta aliyotumia, na tarehe. Nawe mhudumu wa zahanati, usikipokee bila karatasi hiyo, na kila Juni kabla ya baridi kuanza kirudishe kwenye barafu uone kama omu ni zilezile.